Bakuli la Mnyamavu

Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Zamani hizo miji ikijulikana kwa harufu ya mapishi yake, palikuwa na mji ukiitwa Shungumeli, na mtawala wake alikuwa Sultani Ghalibu bin Sufiani, mtu wa adhama na taji na viti vya pembe, na wakati wa hekaya hii alikuwa ametimiza miaka themanini na miwili, na meno yamemtoka, na magoti yamekataa amri yake, na katika raha zote za dunia imembakia moja tu, nayo ni kula. Asubuhi aliulizia cha mchana, na mchana aliulizia cha jioni, na mpishi wake, Bi Asmahani, alihangaika kila uchao kutafuta kitu kipya, kitu laini, kitakachopita katika ufizi wa Maulana bila kumwudhi.

Bi Asmahani huyo hakukaa kasrini. Alikuwa na nyumba yake mtaani, na nyuma ya nyumba yake, ng'ambo ya wigo wa makuti, alikaa mjane mmoja jina lake Mwanatumu, umri wake miaka thelathini na minane, na mtoto wake mmoja tu, binti wa miaka kumi na saba, jina lake Amria. Na Amria alikuwa mgonjwa. Tumbo lake lilikataa chakula. Akila wali unarudi, akinywa uji unarudi, akipewa maziwa yanarudi yameganda, na tangu alipovunja ungo alikuwa akikonda mpaka bangili za mkononi zikawa zinampanda hadi kwenye kiwiko. Waganga walikuja wakala kuku wakaenda zao, na makombe aliyoyanywa yangejaza kisima.

Basi Mwanatumu akasema moyoni mwake, kama chakula cha watu wote kimekataa, nitatafuta kisicholiwa na watu wote. Akaugeuza ua wake kuwa shamba, na kila aliposikia mahali fulani pana watu wanaokula jani fulani au mzizi fulani, alikwenda akaomba mbegu au kichipukizi akaja akapanda. Alikuwa na mronge na choya na figili, na mchunga ambao uchungu wake unakunja uso, na mtoriro uliotambaa mpaka kizingitini, na madodoki yaliyopanda juu ya paa yakichumwa machanga, na mboga za watu wa milimani ambazo hata jina la Kiswahili hazikuwa nalo. Aina arubaini zilikuwa katika ua ule mdogo. Majirani walicheka wakasema mwenzetu analima kichaka, lakini waliocheka ndio hao hao waliokuja na ungo kuomba, na yeye hakumnyima mtu, akikata tawi la huyu na kung'oa kichipukizi cha yule. Kisha alipika jani jipya kwa tui, akamlisha mwanawe, akakaa pembeni mkono shavuni akingoja kuona kama litarudi. Mara nyingi lilirudi. Mara chache lilikaa, vijiko viwili vya mtoriro, ua moja la boga, na kwa vijiko hivyo Amria aliishi, kama hayo unaweza kuyaita maisha.

Siku moja Mwanatumu alikuwa akichimba shimo la viazi vikuu penye kona ya wigo, na jembe likagonga kitu kikalia. Akafukua kwa mikono akaona mtungi, mdomo wake umezibwa kwa risasi iliyopigwa muhuri, na yeye akidhani ni akiba ya watu wa kale aliitoboa kwa ncha ya jembe, na palepale ukatoka moshi wenye harufu ya udongo uliolowa, ukapanda ukakusanyika ukawa jini, kichwa chake kikagusa kamba ya kuanikia nguo, na ndevu zake zilikuwa mizizi.

Jini akainama kwa taadhima akasema, "Amani iwe juu yako, ewe uliyenitoa gizani. Mimi ni Harashi bin Rajafu, katika majini wa ardhi, na kwa muhuri huu nimefungwa kumtumikia mwenye kunifukua huduma moja, wala si mbili. Taka dhahabu utapata. Taka kasri litasimama kabla hujafumba macho. Taka mume, nitakuletea mwana wa mfalme umchague kwa sura."

Mwanatumu akajibu, "Nataka mboga."

"Mboga," akasema jini.

"Mboga ambayo mwanangu ataila na isirudi. Hayo mengine kawape wenye nafasi nayo."

Harashi alimtazama, na mimi nadhani alimhurumia, ingawa majini wa ardhi hawasifiki kwa huruma. Akachomoa mbegu moja kutoka kwenye ndevu zake, nyeusi, ndogo kuliko ya papai, akasema, "Ipande leo. Kesho itakufika kiunoni. Mwanao ale majani yake kila siku kwa miezi kumi na miwili kamili, na mwezi wa kumi na mbili ukiisha mti huu utakauka wenyewe na ugonjwa utakuwa umekufa. Lakini nimefungwa kutoa na nimefungwa kuonya pia, basi sikiliza. Majani haya ni umri. Jani likivuka wigo huu na likaliwa na mtu mwingine, litaondoka na mwaka mmoja wa mwanao, na mwaka huo utakuwa wa aliyelila. Jani moja, mwaka mmoja."

"Halitavuka hata moja," akasema Mwanatumu.

"Wote husema hivyo," akasema jini.

"Nimwambie mwanangu?"

"Ulimi ni wako," akajibu Harashi, akarudi mtungini mwake kama mtu anayeingia ndani kukwepa jua.

Na hapa, enyi mnaonisikiliza, ndipo ninapotaka kumshika Mwanatumu huyu mabega nimtikise. Kwa sababu hakumwambia. Alifikiri, huyu mtoto ameishi na hofu ya kila kijiko, sasa nimpe hofu ya kila jani? Acha ale kwa furaha, nitakuwa macho mimi. Alifikiri kwa mapenzi, siwezi kusema alifikiri kwa ubaya. Lakini mapenzi gani haya ya kumkabidhi mtu roho yake bila kumwambia kwamba ameishika?

Mti ukaota, na majani yake yalikuwa mapana na mazito, na hata upepo ulipotikisa mronge na madodoki mti huo ulisimama kimya, basi wakauita mnyamavu. Amria akala bakuli la kwanza, na Mwanatumu akakaa mkono shavuni akangoja, na jua likapinduka, na chakula hakikurudi. Mtoto akasema, "Mama, nina njaa." Neno hilo Mwanatumu alikuwa hajalisikia kwa miaka minne, na aliingia jikoni akalia huku akichochea moto.

Mwezi baada ya mwezi bangili zilishuka kutoka kiwikoni mpaka mahali pake. Amria akanenepa, akaanza kuimba akifagia, akaanza kusimama mlangoni kutazama wapitao, na wapitao wakaanza kumtazama yeye. Na mama yake, kwa hofu yake aliyoificha, akafanya jambo jingine. Aling'oa shamba lote. Alisema mnyamavu unahitaji jua, na kweli ulihitaji, lakini sababu iliyomo ndani ilikuwa kwamba hakutaka mtu tena avuke wigo kuja kuomba jani. Aling'oa figili leo, kesho choya, keshokutwa akakata madodoki akayachoma moto. Waliokuja na ungo akawaambia shamba limekwisha.

"Mama, hata mtoriro?" Amria akamwuliza. "Mtoriro ndio ulioniweka hai."

"Umemaliza kazi yake, mwanangu," akasema Mwanatumu.

Ikapita miezi kumi na mmoja na wiki tatu. Zikabaki siku tisa. Mwanatumu alizihesabu kwa vidole, na asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza tangu mti uote, aliondoka nyumbani peke yake kwenda sokoni, kununua nguo ya karamu ya shukrani atakayoifanya mti ukishakauka. Alimwambia binti yake asimfungulie mtu mlango. Hakumwambia kitu juu ya wigo.

Na Bi Asmahani asubuhi hiyo alikuwa amepika bokoboko la kuku, akakumbuka yule mtoto wa jirani aliyekuwa mifupa mitupu na sasa anaimba, roho yake ikapenda, akapakua bakuli la kaure lenye ukingo wa buluu akamimina samli juu, akalipitisha mahali ambapo wigo ulikuwa umeinama. "Amria, mwanangu," akaita, "pokea. Nimesikia tumbo limepona. Kula, na mama yako mwekee."

"Shikamoo, bibi. Ahsante sana."

"Marahaba. Usifanye haraka ya kulirudisha, ila mimi ninaondoka kwenda kasrini muda si mrefu."

Sasa, katika mtaa ule, bakuli la jirani halikurudishwa tupu. Kuna wasiojua kusoma na kuna wasiojua kuswali, lakini asiyejua hilo hakuwapo. Likija na chakula linarudi na chakula, au yai, au kipande cha sukari guru, au japo chumvi iliyofungwa kwenye jani, na anayerudisha bakuli tupu atasemwa kisimani mpaka wajukuu zake wasikie. Mwanatumu alikuwa amemfundisha hilo Amria tangu anaota meno, na alimfundisha pia kwamba bakuli linajazwa likajaa, maana nusu bakuli ni tusi. Basi Amria alimimina bokoboko kwenye sufuria yao, akaliosha bakuli, akalipangusa, na akaanza kutafuta. Debe la unga lilikuwa limebaki vumbi. Mayai hakuna, kuku walikwisha kuuzwa kwa ajili ya ile nguo. Chumvi mama ameifuata sokoni. Akatoka uani. Zamani angesimama pale asijue achume nini katika aina arubaini. Sasa palikuwa na udongo mtupu uliofagiwa, na katikati yake mnyamavu.

Akachuma majani machanga, yale mazuri ya juu, moja moja, bila kuvunja tawi, akayaosha maji mawili, akayapanga bakulini mpaka yakafanya kilima, akafunika kwa kawa. Yalikuwa arubaini. Hakuyahesabu yeye, ninayahesabu mimi.

"Bibi, bakuli lako," akasema kwenye wigo.

Bi Asmahani akafunua akayaona, akashangaa upana wake na ulaini wake, na wazo la kwanza lililomjia ni ufizi wa Maulana. "Mama yako amekulea," akasema, akalitia kikapuni akaenda zake kazini.

Mwanatumu alirudi jua likiwa utosini. Kitu cha kwanza alichotazama kila alipoingia ni mti, na mti ulikuwa umebaki vijiti juu.

"Amria. Majani yamekwenda wapi?"

Amria alikuwa akitabasamu, maana alitarajia sifa. "Bibi Asmahani ameleta bokoboko, mama, na nyumba haina kitu. Nimemjazia mnyamavu. Usijali, nimechuma vizuri, yatachipua."

Nguo ya karamu ilianguka penye mlango, na Mwanatumu alikuwa keshatoka. Alipiga mlango wa jirani, umefungwa. Akakimbia barabara yote ya mafundi seremala na ya wauza mikeka, kanga imemvuka kichwani na hana habari, akafika lango la kasri akiwa hana pumzi. "Bi Asmahani," akawaambia walinzi, "niitieni Bi Asmahani, ana bakuli langu, asipike, kwa haki ya Mungu asipike."

Walinzi wakatazamana. "Mama, tulia. Maulana yuko mezani. Akimaliza kula utaitiwa."

"Akimaliza kula ndiyo itakuwa nini?" akasema Mwanatumu, na akajaribu kupita katikati yao, wakamzuia kwa upole kwa sababu walimdhania wazimu. Na akiwa mikononi mwao alisikia vigelegele vinaanza ndani, kwanza mwanamke mmoja, kisha kasri zima, na mtu mmoja akapita mbio akitangaza kwamba Sultani amesimama bila fimbo, na meno yameota, na ndevu zimekuwa nyeusi. Walinzi wakamwachia wakakimbilia ndani kuona ajabu hiyo. Mwanatumu sasa angeweza kuingia. Aligeuka akarudi nyumbani taratibu, maana hakukuwa tena na la kuwahi.

Alipoingia uani aliona bibi kizee amekaa juu ya kitanda cha kamba, nywele zake nyeupe, mikono yake imekunjamana, na mwili ule ulikuwa umechoka na jua la miaka. Na Mwanatumu alikuwa mtu wa adabu, na ulimi wake ulimtangulia.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Bibi kizee akainua uso. "Shikamoo, mama," akajibu.

Bangili zilikuwa zile zile. Mwanatumu akakaa chini udongoni akamweleza binti yake yote, jini na mbegu na sharti, aliyopaswa kumweleza mwaka mmoja nyuma. Amria alisikiliza mpaka mwisho akigeuza mikono yake juu na chini kama kitu alichokiokota. Kisha akasema, "Ungeniambia."

"Nilitaka usiogope."

"Ungeniambia, mama. Ningelirudisha bakuli tupu. Ningeona haya siku moja, wangenisema kisimani wiki moja, basi. Mimi nimekulia katika maneno ya watu, yasingeniua." Kisha akautazama udongo mtupu uliofagiwa akasema, "Arubaini. Hata kama ungeacha mti mmoja wa figili."

Mwanatumu akauendea mtungi akaugonga kwa mpini wa jembe, na Harashi akatoa kichwa tu. "Huduma yangu ilikuwa moja na nimekwisha kuitoa," akasema, "lakini jibu si huduma, uliza." Mwanatumu akauliza kama miaka hurudi. Jini akajibu, "Hurudi, kwa njia ile ile iliyotokea. Aliyeyala majani aingie ndani ya wigo huu kwa miguu yake, na kwa mkono wake na hiari yake achume jani amlishe mwanao. Jani moja, mwaka mmoja. Asilazimishwe wala asidanganywe. Na afanye kabla mti haujakauka." Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Huko kasrini Sultani Ghalibu, ambaye sasa alikuwa mwanamume wa miaka arubaini na miwili mwenye kifua kama mlango, alikuwa amekwisha kula kiapo mbele ya kadhi na mawaziri kwamba mwenye shamba lililotoa mboga ile akiwa mwanamume atampa nusu ya milki, na akiwa mwanamke atamwoa. Basi kesho yake asubuhi Bi Asmahani, akiwa amekwisha kuambiwa na Mwanatumu alichokifanya na macho yamemvimba kwa kulia, aliwaleta wote wawili barazani, mama na binti, na baraza zima likamtazama binti likadhani ndiye mama.

Mwanatumu akasujudu akasema, "Ewe Maulana, Mungu azidishe fahari yako. Sikuja kudai kiapo. Nimekuja kuomba kilicho changu. Meno hayo ni ya mwanangu, na nywele hizo nyeusi, na nguvu hizo za magoti. Juzi alikuwa na miaka kumi na saba, mtazame leo. Ulikula bila kujua na mtu hakulaumu. Sasa unajua. Njoo nyumbani kwangu, uchume majani arubaini, umlishe."

Sultani alimtazama Amria, na nawaambia aliona haya, nusu ya haya, kisha ikapita. Akajibu kwa maneno ya kifalme, "Ewe mwanamke mwema, msiba wako umetuchoma. Lakini fikiri. Miaka hii katika ua wako ingekuwa ya kufagia na kuteka maji. Ndani yangu ni miaka ya hukumu na amani ya raia. Je, niwavue raia wangu wote kwa ajili ya mtu mmoja? Wala hatukuiomba, tuliletewa kwenye sahani. Hata hivyo kiapo chetu ni kiapo. Na kwa kuwa binti yako, kwa heshima yake, umri wake umempita mwoaji, na aliyepanda mti ni wewe, basi tunakuoa wewe."

Mawaziri wakasema maneno ya kusifu. Na Mwanatumu, aliyekuwa amepiga magoti, akainua kichwa taratibu, kwa sababu katika fedheha ile alikuwa ameona mlango.

"Nimekubali, Maulana," akasema, "kwa desturi ya mji wako. Bwana harusi huingia nyumbani kwa bibi harusi, na fungate hukaa kwao siku saba. Hilo hata masultani waliokutangulia walilitii."

Kadhi akasema ni kweli. Sultani akacheka kwa uchangamfu wa mtu mwenye meno mapya, akasema hajapata kulala nyumba ya udongo, na akaja. Ndoa ikafungwa kesho yake, na akapita kwa miguu yake katika mlango wa wigo wa makuti, na fungate ikaanza. Siku saba, na siku ya saba ndiyo siku ya mwisho ya mti.

Ole wake Mwanatumu kwa siku zile. Alipika kama hajapata kupika, alimfukiza udi, alimwosha miguu kwa maji ya rihani, na kila alasiri alimtandikia jamvi karibu na mnyamavu na kumwambia, "Maulana, mkono wako haupo mbali." Naye akajibu, "Kesho." Alasiri nyingine akamwambia, "Maulana, ishirini tu, mgawane." Akajibu, "Kesho, mke wangu, leo nimeshiba mno." Amria ndiye aliyeleta sinia na kuondoa sinia, polepole, kwa sababu ya kiuno, na Sultani alimwita bibi na kumwomba maji ya kunawa.

Siku ya saba majani ya chini yalikuwa yamekwisha kugeuka manjano. Machela ya kifalme yalikuwa yakingoja nje. Sultani akatoka ndani amekula vizuri, akasimama mbele ya mti. Akanyoosha mkono. Akachuma jani moja, akaligeuza kulitazama, akamwita Amria akamlisha kwa vidole vyake mwenyewe. Katika nywele zote nyeupe za Amria msuko mmoja ukawa mweusi, na katika ndevu za Sultani unywele mmoja ukawa mweupe.

"Haya," akasema, akijipangusa vidole. "Mwaka mmoja wa umri wa Sultani. Nani katika mji huu amewahi kupewa zawadi hiyo? Nimekula kwenu siku saba, sikuondoka bure."

Na Amria akasema, "Ahsante, Maulana." Alikuwa amelelewa hivyo.

Mwanatumu alimwangukia miguuni akamshika vifundo, akamwita kwa majina yote ya heshima, kisha akamwita kwa majina mengine, na Sultani aliitoa miguu yake kwa upole akasema machela yanangoja. Kabla jua halijatua mnyamavu ukakauka. Na ugonjwa wa Amria ukafa kweli kama jini alivyoahidi, na kuanzia siku hiyo alikula wali na nyama na maziwa bila shida, bibi wa miaka hamsini na sita mwenye tumbo la kijana.

Mwanatumu akahamia kasrini, maana mke wa sultani hana hiari, na akapata dhahabu na vijakazi na bustani yenye chemchemi, na katika bustani ile hakupanda kitu. Amria alikataa kwenda. Alibaki katika ua ule mtupu, na siku moja akajifunga kanga akashika ungo akapita nyumba kwa nyumba, na wale wanawake waliopewa na mama yake zamani, huyu tawi, yule kichipukizi, wakamkatia kila mmoja alichokuwa nacho. Bi Asmahani ndiye aliyempa mtoriro, ulikuwa umevuka wigo miaka mingi nyuma ukaota upande wake. Shamba likarudi, aina thelathini na kitu. Na kila Ijumaa Amria alichuma, akajaza bakuli la kaure lenye ukingo wa buluu, ambalo Bi Asmahani hakutaka tena kuliona nyumbani kwake, akampelekea mama yake kasrini. Mwanatumu alikula mboga ile peke yake, mlango umefungwa, kisha akalirudisha bakuli limejaa halua au zabibu au mikufu. Mikufu Amria aliigawa. Zabibu alikula.

Watu wakisikia hekaya hutaka mafunzo, na ndoa mmepata na mali mmepata, basi chukueni na hili. Mwenye kumpenda mtu amwambie maisha yake yananing'inia wapi, hata kama ataogopa. Na mnaoletewa umri wa wenzenu kwenye sahani, najua hamtasikia, sina haja ya kuwapotezea wakati.

Miaka kumi na miwili baadaye ilifika Ijumaa ambayo bakuli lilikuwa limebaki kasrini tangu wiki iliyotangulia na Amria hakuwa amekuja kulichukua. Mwanatumu akalijaza halua mwenyewe, akalifunika kwa kawa, akatoka kwa miguu bila machela, na katika barabara ya wauza mikeka watoto walimwamkia naye akaitikia. Akakuta majirani wamejaa uani, wanawake wameketi kati ya figili na choya, na Bi Asmahani, mzee sana sasa, akainuka akampokea mikono akamwambia Amria amefariki alfajiri, usingizini, hakuumwa. Walimzika mchana. Mwanatumu akakaa shambani mpaka watu wote walipotawanyika, na halua akaigawa kwa watoto wa mtaa, wakaimaliza. Kisha akaliosha bakuli na kulipangusa, akasimama nalo katikati ya mboga zile zote asijue alirudishe kwa nani.

Kasrini Sultani Ghalibu, mwenye afya njema, alikuwa akiulizia cha jioni.